Mshauri Ameniambia Nivae Viatu

Nchi hii ina upungufu wa vitu vingi, lakini ushauri haumo kwenye orodha. Jaribu kutamka mbele za watu kwamba siku hizi unasahausahau, uone. Dereva wa bajaji atakushauri. Mama wa genge atakushauri huku akikuchagulia nyanya zilizolala. Shemeji yako, ambaye hajawahi kumaliza jambo lolote duniani isipokuwa sahani ya pilau, atakuweka kitako akueleze maana ya nidhamu. Na wote, wasomi kwa wasiosoma, watatua kwenye neno lile lile: "Jipange."

Hapo ndipo huwa natamani kung'ata mtu. Mimi najipanga tangu darasa la tatu. Kila mwaka mpya nanunua dayari, ya gharama, yenye utepe wa kuwekea alama. Ukiifungua, Januari imejaa mwandiko mzuri, wino wa rangi mbili. Februari ina namba ya simu isiyo na jina. Kuanzia Machi ni karatasi nyeupe ambazo watoto wanachorea maghorofa. Kwa hiyo mtu asiniambie sijui kupanga. Kupanga najua sana. Ninachoshindwa ni ile sehemu ya pili, ambayo washauri wa bure huwa hawaifikii kwa sababu soda imeisha.

Mambo haya yaliibuliwa na binti yangu wa darasa la nne. Si kwamba ni mtundu. Angekuwa mtundu angeonekana mapema. Wavulana wanaopanda madawati huitiwa wazazi muhula haujashika kasi. Binti yangu hasumbui mtu. Anakaa dirishani, anamtazama mwalimu usoni, na akiulizwa swali la sayansi anajibu vizuri kabisa swali la hesabu lililoulizwa kipindi kilichopita. Watoto wa kike wa aina hii husogezwa darasa hadi darasa wakiitwa wazito, mpaka mtihani wa taifa uje uwaumbue. Wetu alipata bahati ya mwalimu aliyesomea elimu maalumu kule Patandi, Arusha. Mama yule alimtazama kwa muda, akatuita, akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia likisemwa na mwalimu: mtoto huyu ana akili, mpelekeni hospitali.

Tukaenda. Daktari akaanza maswali. Anapoteza vitu vya shule? Anaanza kazi na kuiacha katikati? Anaonekana hasikii hata akisemeshwa ana kwa ana? Je, huwa ana... Hapo nikadakia jibu. Nilikuja kujua baadaye kwamba swali lilikuwa kama huwa anakatiza wenzake maneno.

Mke wangu akaweka mkoba chini. "Samahani, daktari. Hapa tunamzungumzia mtoto au baba yake?"

Daktari hakucheka. Akavuta karatasi nyingine.

Kumbe hali hii, ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliopita kiasi, hutembea sana katika damu. Tafiti za mapacha huuweka mchango wa urithi kwenye asilimia 70 hadi 80, na mke wangu ameikariri hesabu hiyo kuliko namba yake ya NIDA. Mtoto akivunja glasi: sabini hadi themanini. Mtoto akiacha bomba linamwaga maji: sabini hadi themanini. Zile ishirini au thelathini zilizobaki, ambazo pengine zimetoka kwao, hazitajwi nyumbani kwangu.

Mtu mzima hapewi jina hilo kirahisi. Wanataka dalili tano katika tisa za upande wa umakini, au tano katika tisa za upande wa utukutu na pupa. Ziwe zinakuharibia mahali zaidi ya pamoja. Na ziwe zilianza kuonekana kabla hujafika miaka 12. Zamani mpaka ulikuwa miaka 7, Wamarekani wakausogeza mwaka 2013 kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili. Kwa hiyo ukahitajika ushahidi wa utotoni, na shahidi akaitwa kutoka Muheza. Mama yangu alishuka kwenye basi na bahasha ya kaki iliyokaa miaka yote hiyo kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge. Ndani mlikuwa na ripoti zangu za shule ya msingi, wino umefifia lakini unasomeka. Muhula wa kwanza: "Ana uwezo ila hajatulia." Muhula wa pili: "Ana uwezo, aache soga." Mwaka uliofuata, mwalimu mwingine, mwandiko mwingine: "Amepoteza daftari la hesabu. Tena." Lile "tena" lilikuwa limepigiwa mstari mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

"Mimi nilidhani ni mapepe tu ya ukoo wa baba yake," mama akamweleza daktari, kwa upole wa mtu anayetoa siri ya watu wengine.

Shemeji aliposikia habari hizo akatangaza kwamba huo ni ugonjwa wa simu, umeletwa na TikTok. Sasa, mwaka 1902 daktari mmoja Mwingereza, George Still, alisimama mbele ya madaktari wenzake London akawaeleza habari za watoto wa namna hiyo hiyo: akili hazina kasoro, lakini kujizuia hawawezi na kutulia hawawezi. Nilimwuliza shemeji watoto hao walikuwa wakitumia simu gani. Akasema nijipange.

Miaka ya nyuma, bosi alipoanza kuniandikia barua, nilikuwa nimepita kwa mshauri nasaha wa kawaida. Mtu mzuri, sauti ya pole, boksi la tishu mezani. Akaniuliza kuhusu baba. Wiki baada ya wiki tukamchimba marehemu baba, mpaka nikamsamehe na makosa ambayo hakuyafanya. Kisha nikapewa kazi ya nyumbani: kila jioni niketi kimya, niitafakari siku yangu, niandike. Yaani mtu kashindwa kuketi, anapewa dawa ya kuketi! Nilitoka pale nimepatana na ukoo mzima, hai na wafu, mwavuli nimeusahau kwenye kiti. Simlaumu. Ushauri wa aina ile una watu wake, wenye misiba na wenye mioyo iliyovunjika, na unawafaa. Mimi nilikuwa natafuta funguo.

Safari hii daktari alinipeleka kwa mtu anayeshughulika na hali hii hasa. Binti mdogo, sawa na kitinda mimba wetu. Lakini hata kabla hatujaonana nilikuwa nimeshaanza kumchukia kwa sababu ya meseji zake. Ofisi nyingine hukutumia ujumbe mmoja, una miadi kesho saa 4, basi, ukifa shauri yako. Huyu alituma usiku wa kuamkia siku yenyewe. Akatuma asubuhi. Halafu saa 3 kasorobo ukaingia ujumbe wa maneno mawili: "Vaa viatu."

Nilikuwa nimesimama sebuleni na taulo, nasoma kipande cha gazeti la zamani kilichofungiwa vitumbua. Ujumbe ule uliniudhi sana. Nikavaa viatu. Halafu nikakumbuka suruali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za baba. Hakuziuliza. Aliuliza, "Funguo za nyumbani huwa zinalala wapi?"

"Popote usingizi unapozikuta."

Naye hakucheka. Nadhani watu wa fani hii hunyimwa cheti wakicheka. "Simama, baba. Toka nje, kisha uingie hivi unavyoingia kwako ukiwa umechoka."

Nikatoka, nikaingia. Mtu mzima na kitambi chake, anaigiza kurudi nyumbani mbele ya mtoto wa watu. Mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe juu ya kabati lake la mafaili ukatua hapo.

"Nyumbani, hapo pana nini?"

"Pana friza."

"Basi bakuli likae juu ya friza."

Nikamweleza kwamba mke wangu alishanunua ndoano nzuri za mbao zilizochongwa, zikapigiliwa koridoni. "Nzuri sana," akasema. "Ila mkono haupiti huko."

Ndiyo elimu niliyolipia. Bakuli. La plastiki, jekundu, juu ya friza sebuleni, mahali pasipopendeza hata kidogo. Wageni wanadhani ni la sadaka. Mjomba alipokuja kutujulia hali alitumbukiza shilingi elfu moja, tena kwa siri, asionekane anajionyesha. Lakini funguo zimo. Zimo jana, zimo leo, na hilo ndilo linalonikera kupita kiasi.

Nikaenda kusoma ili nimpinge. Nikakutana na Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeitafiti hali hii kwa miongo kadhaa, naye yuko upande wa mshauri wangu. Anasema mwenye ADHD hakosi kujua la kufanya. Anakosa kulifanya kwa wakati wake na mahali pake. Kumwongezea maarifa, mawaidha na semina ni kazi bure. Msaada utolewe nje ya kichwa, ukawekwe pale pale tendo linapofanyikia: bakuli mkono unapopita, vidonge kando ya mswaki, karatasi yenye neno GESI imebandikwa mlangoni kwa ndani usawa wa macho. Nikazifikiria dayari zangu, zimepangwa vizuri ndani ya droo, droo imefungwa.

Kisha mimi na mshauri tukaingia kwenye muda. Akataka niandike ninavyodhani: kuoga dakika ngapi, chai dakika ngapi, kutoka Kimara hadi Posta dakika ngapi. Halafu nikapime kwa saa. Kuoga niliandika tano. Saa ilikuwa na maoni yake. Kimara hadi Posta niliandika dakika 30, na hapo sikuwa na wasiwasi kwa sababu nimewahi kuzipata. Alipodadisi, ikabainika dakika hizo ni za asubuhi ya Idi fulani, barabara tupu, mwendokasi limefika nikiwa nakanyaga kituo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiishi kwa hesabu ya Idi ile, na kila nikichelewa nashangaa leo kuna nini. Akaniamuru ninunue saa ya ukutani, ya mishale, kubwa, ionekane hadi mlango wa bafu. Simu alinikataza kabisa kuitumia kwa kazi hiyo. Ukiishika kuangalia saa, alisema, unaiweka chini ukiwa unajua habari zote za usajili wa Simba na Yanga isipokuwa saa ngapi.

Kilichokuwa kinanitoa roho hasa ni ripoti ya robo mwaka.

"Hatua ya kwanza ni ipi?" akaniuliza.

"Kuandika ripoti."

"Kubwa mno."

"Kuandika utangulizi."

"Kubwa."

"Kufungua lile faili la mwezi wa saba."

"Liko wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Kompyuta iko wapi?"

"Kwenye begi."

Akaandika kwenye karatasi, kwa herufi zinazosomeka hata na asiye na miwani: 1. Fungua zipu ya begi.

Nimesoma chuo kikuu. Picha yangu ya joho imetundikwa sebuleni, juu ya friza yenye bakuli. Na natoa fedha taslimu ili binti anayeniamkia anielekeze kufungua zipu. Udhalilishaji huu una mizizi New York, kwa Mary Solanto, mwanasaikolojia aliyetengeneza mafunzo ya vikundi kwa watu wazima wenye ADHD na kuchapisha matokeo yake mwaka 2010. Kwake, mtu akishindwa kuanza jambo, basi hatua ya kwanza ni kubwa, ikatwe tena. Hasemi mtu huyo ni mvivu. Angesema mvivu ningekuwa na la kumjibu, nimezoea. Kwa zipu sina jibu. Nikaifungua. Kompyuta ikawa iko nje, na kwa kuwa iko nje nikaiwasha, na kwa kuwa imewaka nikaona aibu kuizima. Ripoti ikafika kabla ya tarehe. Bosi akaniita pembeni kuniuliza kama nyumbani kuna amani.

Mshauri akaniongezea na sharti kwamba kazi zinazochosha nisizifanye peke yangu. Mtu mwingine awe karibu, hata kama hasemi kitu. Matokeo yake mama aliyekuja kutoa ushahidi hajarudi Muheza hadi leo. Ameteuliwa kukaa mkekani kando yangu, anachambua mchele wakati mimi najaza fomu. Mchele ukiisha tunahamia choroko. Sijawahi kula nyumbani wali usio na jiwe hata moja kwa muda mrefu namna hii, na kodi imelipwa.

Tatizo likabaki mawazo. Kichwa changu ni konda anayeita abiria wa Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta kwenye gari moja, na wote wanapanda. Kwa hili nikapewa kaunta buku. Wazo lolote lisilohusika na kazi iliyo mezani haliruhusiwi kufuatwa, wala halifukuzwi. Linaandikwa humo, nami narudi kazini. Saa ya kulisoma itafika. Ukurasa wa asubuhi moja huu hapa. Kumlipa fundi bomba. Twiga analala amesimama? Yule mwenzetu aliyekuwa anakula chaki kidato cha pili yuko wapi siku hizi. Kununua friza ndogo (kwa nini?). Kumwuliza mama kama kweli babu alipigana vita au alipika. Fundi bomba!! Ilipofika jioni, saa iliyopangwa, yote yalikuwa yamekwisha makali isipokuwa fundi bomba, ambaye alikuwa getini.

Mbinu hii ya kuandika na kurudi ilitumiwa na Steven Safren na wenzake katika hospitali ya Massachusetts General, Boston, na utafiti wao wa mwaka 2010 umenikosesha hoja ya kugombea. Walichukua watu wazima 86 waliokuwa tayari wanatumia dawa na bado mambo hayaendi. Wengine wakapewa vikao 12 vya ushauri wa namna hii: kalenda moja, daftari moja, kukata kazi vipande, kuahirisha mawazo, kupambana na maneno mtu anayojiambia. Wengine wakafundishwa kuutuliza mwili na kupewa maelezo ya hali yao. Wa kwanza wakaendelea vizuri zaidi. Watu waliotulizwa walitulia. Bila shaka na funguo walipoteza kwa utulivu.

Kuhusu dawa zenyewe, hizo ni za daktari, si za mshauri wala za shemeji. Ile inayojulikana zaidi, Ritalin, nimeisoma kwa kina kuliko inavyonihusu, usiku wa manane, nilipokuwa natakiwa niwe nimelala. Leandro Panizzon, mkemia wa Uswisi, aliitengeneza mwaka 1944, na inasimuliwa kwamba mkewe alikuwa akiinywa kabla ya kwenda kucheza tenisi, ikamchangamsha, basi dawa ikapewa jina lake: Rita, Ritalin. Nikamwamsha mke wangu kumweleza. Akaniambia na yeye angependa kitu chenye jina lake, kwa kuanzia kiwanja. Huku kwetu si kila duka la dawa utaikuta, na Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu likakataa mwaka 2019, likakataa tena 2021. Wanaoipata wengi inawasaidia, tena sana. Mshauri wangu mwenyewe hana ugomvi nayo. Ila hakuna kidonge kinachojua ada ya shule inalipwa tarehe ngapi.

Kuna kikao kimoja sikukipenda. Aliniambia niandike maneno ninayojiambia nikisahau kitu. Nikaandika haraka, sikuhitaji kufikiri: mjinga, mvivu, mtu mzima ovyo, hata ukipewa nini utakipoteza. Mengine yalikuwa ya walimu, mengine ya bosi, nimeyatunza yote bila kupoteza hata moja. Akaisoma karatasi taratibu, akanirudishia. "Msomee binti yako leo, akisahau daftari."

Sikumsomea. Na nilitamani ile saa kubwa ya ukutani iende mbio, lakini siku hiyo ilikuwa na dakika zote.

Binti yangu mwenyewe anaendelea vizuri kuliko mimi. Amehamishwa dirishani, yuko mstari wa mbele. Sisi wazazi tumefundwa: maagizo yatolewe moja moja, kwa karibu, ukimwangalia, si kupiga kelele kutoka jikoni vitu vinne kwa pumzi moja, na akifanya vizuri asifiwe hapo hapo, maana zawadi ya mwisho wa muhula kwake ni habari za karne ijayo. Mafunzo haya ya wazazi ndiyo huanza kwa watoto wadogo kabla hata ya kufikiria dawa. Mke wangu aliyapokea kwa moyo mkunjufu mpaka alipoambiwa kwamba yanafaa na kwa mumewe.

Naye aliitwa kikaoni. Nilitegemea akanywe aache kunisimamia, na kweli aliambiwa kwamba mke akigeuka mwalimu wa zamu, mume naye hugeuka mwanafunzi mtoro. Nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaulizwa yeye hubeba nini. Akafungua pochi, akatoa karatasi, mbele na nyuma. Luku. Ada. Kodi ya pango. Mchango wa kikoba. Tarehe za chanjo. Kukumbuka siku ya kuzaliwa ya mama yangu mimi. Kukumbuka kunikumbusha. Tulipofika nyuma ya karatasi nilikuwa nimeacha kutikisa kichwa. Tukagawana upya: mimi nikachukua kazi zinazoanza na kuisha hapo hapo, vyombo, kumpeleka mtoto shule, kubeba mtungi wa gesi, malipo yenye tarehe yakawekewa kengele kwenye simu yangu, si mdomoni mwake. Anasema nyumba sasa ina kimya cha ajabu. Nasikia kengele tu.

Lakini sasa nieleze dhuluma yenyewe, maana hadi hapa mnaweza kudhani naandika kumsifia yule mshauri. Amenifundisha muda, sawa. Watu wengine wote hakuwafundisha. Juzi nimealikwa harusi, kadi inasema saa 12 jioni. Zamani ningefika saa 3 usiku, pamoja na bibi harusi, nikiwa mtu wa heshima. Safari hii nilipima, nikaongeza foleni, nikavaa viatu simu ilipolia, na saa 12 kamili nilikuwa mlangoni mwa ukumbi. Ndani alikuwepo mpambaji na mlinzi. Mpambaji akanitazama kwa furaha ya mtu aliyeletewa msaada, akanikabidhi ngazi niishike. Baada ya ngazi nikapanga viti. Baada ya viti nikatumwa barafu. MC alipoingia alinipa mkono akidhani ni mhudumu, akaagiza maji.

Habari zikasambaa kwenye ukoo kwamba kuna mtu anafika kwa wakati. Na mimi, nisisahau kusema, nina ugonjwa wa kuitikia. Mtu akiniomba jambo, mdomo umeshasema ndiyo kabla kichwa hakijaamka. Hiyo pupa nayo imo kwenye zile dalili tisa za upande wa pili. Nikamlilia mshauri kwamba kuna kikao cha harusi nyingine Jumapili, na ninanusa hatari. Tukafanya mazoezi ofisini kwake, yeye akiwa mwenyekiti wa kamati. Nikiombwa lolote nisiseme ndiyo wala hapana. Nivute pumzi, niseme: "Ngoja niangalie kalenda yangu, nitawajibu kesho." Basi. Tukarudia mpaka ikatoka bila kutetemeka.

Jumapili ikafika. Nikakaa nyuma. Wakafika kwenye nafasi ya katibu, mtu wa kuandika michango, kufuatilia ahadi, kupigia watu simu hadi siku ya mwisho. Macho yote yakanigeukia. Nikavuta pumzi.

"Ngoja niangalie kalenda yangu, nitawajibu kesho."

Ukumbi ukawa kimya. Mwenyekiti akavua miwani, akawageukia wajumbe.

"Mmesikia, ndugu wajumbe? Hata kalenda anayo. Andika jina lake."